Binti Nani wa Nani

Barua ya mwanangu ya kuniarifu kwamba amepata mchumba huko Nebraska ilipofika Pangani, sikuwa na wa kumsomea kwanza ila dada yangu mkubwa, ambaye tangu wazazi wetu walipofariki ndiye ashikaye daftari la ukoo kichwani mwake, na ambaye hapana ndoa iliyopata kufungwa katika mlango wetu bila ya yeye kuulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu kando, akauliza neno moja tu: "Binti nani wa nani?" Sikuwa na jawabu. Mwanangu alikuwa ameniandikia jina la binti na jina la baba yake, basi; na majina mawili, kwa watu wa pwani, si nasaba, ni anwani ya kupelekea barua. Ndoa ilifungwa, wajukuu wakazaliwa, dada akawapenda kwa picha na kwa simu. Ila swali lake halikufutika, na kila Idi nilipokwenda kumpa mkono alilirudia, bila ya ukali, kama mtu amkumbushaye ndugu yake deni.

Ndipo Agosti iliyopita, nilipopata nasibu ya kwenda kuwaona wajukuu, nikaazimia kwamba sitarudi na mikono mitupu. Nami nilikwenda, sina budi kukiri, nimeyapakia majivuno yangu sandukuni pamoja na kashata alizozipika dada, kwani ukoo wetu husoma majina tisa bila ya kumeza mate, jina juu ya jina, hata kumfikia yule mzee ambaye twasema alishuka kwa jahazi kutoka Shirazi, na ingawa wanazuoni wa siku hizi hutabasamu wasikiapo habari za majahazi hayo, mimi nimekulia ndani ya majina yale kama mtoto akuliavyo ndani ya harufu ya nyumba ya kwao. Nilidhani nakwenda kwa watu waliotupwa nyikani na upepo juzi na jana, nikawafundishe kuhesabu babu.

Kutoka Lincoln, mji mkuu wa Nebraska, hadi Wilber ni mwendo wa kama maili 30 kwa motokaa, upande wa kusini-magharibi, na mtu aliyezoea njia za kwetu, ambazo hupinda kuufuata mto, au kuukwepa mbuyu, au kumstahi maiti aliyezikwa kando, hapo hustaajabu, maana barabara zimenyooka kama uzi wa mwashi, na kila baada ya maili moja njia nyingine huzikata msalaba, mashariki kwa magharibi, kaskazini kwa kusini, hata macho yakachoka. Pande zote mbili ni mahindi, marefu kupita mtu, yamesimama safu kwa safu wala hapana palipoachwa kijia cha mbuzi kupita. Mkazamwanangu, aliyekuwa akiendesha, alinieleza kwamba nchi hii ilipimwa kabla haijakaliwa (neno hilo, "haijakaliwa," nililitia mfukoni, nikaja kulitoa baadaye), ikakatwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukagawanywa mapande 36 ya eka 640, na pande la 16 na la 36 yakatengwa kwa ajili ya shule. Robo ya pande moja ni eka 160; na hiyo ndiyo kadiri ambayo serikali ilimpa mlowezi, awe Mmarekani au mgeni aliyeshuka melini mwezi uliopita, madhali ametimiza masharti.

Wilber umekaa kando ya mto Big Blue, nao ni makao ya wilaya ya Saline, mji mdogo ujiitao mji mkuu wa Wacheki wa Marekani, wala si kwa mzaha: majina ya Bohemia yamo katika vibao vya maduka, na mwanzo wa kila Agosti, tangu mwaka 1962, wenyeji huvaa mavazi ya kale yenye tarizi nyekundu wakaandamana barabarani kwa matarumbeta na kodiani. Nilifika majuma mawili baada ya sherehe hizo, mabango yangali yananing'inia, na mtu wa kwanza kupelekwa kwake alikuwa bibi mzaa baba wa mkazamwanangu, mwanamke wa miaka 91, mwembamba, mwenye mkongojo na macho makali, ambaye alikuwa ametandika mezani mikate midogo ya duara yenye shimo katikati lililojazwa rojo la matunda na mbegu za popi, iitwayo kolache, na kabla sijatia neno akaniambia, "Ni siagi tupu, hamna mafuta ya nguruwe, mjukuu wangu amekwisha nieleza." Nikamtolea kashata za dada. Akaonja, akafumba macho, akauliza ni nini hiki. Nikamwambia ni nazi na sukari, na mkono wa mtu asiyekujua ila amekuulizia kwa miaka kumi.

Baada ya kahawa alikunjua karatasi kubwa mfano wa ramani. Ilikuwa shajara ya nasaba ya wajukuu wetu, aliyoichora kwa mkono wake: chini majina ya watoto, juu yao visanduku vya wazazi, juu yao vya mababu na mabibi, na hivyo kupanda mpaka ukingoni. Nusu ya kushoto ilikuwa yake. Nusu ya kulia ilikuwa tupu, ikinisubiri. Nikaona majina mengine yameandikwa kwa wino na mengine kwa penseli, nikauliza sababu, akasema wino ni kwa lililothibitika kwa hati au kwa mashahidi wawili, na penseli ni kwa maneno ya watu. Nikacheka kimoyomoyo, nikafikiri kwamba kwa kanuni hiyo mzee wetu wa jahazi angeandikwa kwa makaa.

Ili kutafuta hati za kuyathibitisha majina ya penseli, tulikwenda maili kama nne magharibi ya mji wa Beatrice, si mbali na hapo, ambako serikali imehifadhi shamba la Daniel Freeman, ambaye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kudai ardhi chini ya sheria ya walowezi, na wapokezi husema aliandikishwa mara baada ya saa sita za usiku wa kuamkia 1 Januari 1863, siku ile ile sheria ilipoanza kutumika. Rais Lincoln alikuwa ameitia saini 20 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, na masharti yake mepesi kuyasimulia: mtu awe ametimiza miaka 21 au awe kichwa cha nyumba, awe raia au ameapa kwamba atakuwa raia, awe hajapata kuinua silaha dhidi ya serikali, akae juu ya ardhi hiyo miaka mitano, ajenge, alime, alipe ada ambazo zote kwa jumla hazikuzidi dola 18, na mwisho alete mashahidi wawili. Mwanamke asiye na mume, au mjane, naye aliweza kudai. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1976, na Alaska miaka kumi zaidi, na kwa hiyo zilitoka hati milioni 1.6, juu ya eka milioni 270, yapata moja ya kumi ya nchi nzima. Ndani ya jumba la makumbusho, ambalo paa lake limenyanyuliwa mfano wa jembe la plau likipasua udongo, pana ukuta wa vyuma vilivyokatwa kwa sura ya majimbo 30, na kila kimoja kimetobolewa tundu la mraba kuonyesha ni sehemu gani ya jimbo hilo iligawiwa hivyo. Tundu la Nebraska ni pana, karibu nusu ya bamba. Habari za Freeman mwenyewe sitazirefusha, ila hii moja ilinipendeza, kwamba mzee huyo aliishtaki bodi ya shule ya jirani kwa kumwachia mwalimu awasomeshe watoto Biblia darasani, na Mahakama Kuu ya Nebraska ikampa haki mwaka 1902. Walowezi, kumbe, walikuwa na ukaidi wao.

Katika jumba hilo mna chumba chenye kompyuta ambamo mtu yeyote huweza kutafuta majalada ya walowezi, nasi tulikaa humo siku mbili na nusu, na siku mbili za kwanza zikapotea bure. Babu tuliyemtafuta, baba wa babu yake Bibi, alibatizwa Václav, jina la mtakatifu mlinzi wa Bohemia, na kwa sababu hiyo Bohemia imejaa akina Václav kama Pangani ilivyojaa akina Abdallah. Zaidi ya hayo, Waingereza na Wamarekani hawakuliweza jina hilo, na Wacheki wa Marekani wakazoea kulibadili likawa James, jambo ambalo mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa njia iridhishayo akili. Mtu mmoja, ambaye simtaji, alikwisha nakili nasaba ya familia hii zamani akaisambaza kwa jamaa, na kwa kuifuata nakala yake tulimshika James mwenye jina la ukoo lile lile, katika wilaya ile ile, tukasoma maisha yake yote, tukampenda, tukahuzunika nzige walipomfilisi, mpaka ukurasa wa mwisho ulipotwambia kwamba alikufa bila ya kuoa.

Wa kwetu tulimpata siku ya tatu, na nilimtambua kwa saini. Karani alikuwa ameandika James kila mahali, James mwombaji, James aliyeapa, kwa hati nzuri ya kuinamisha herufi. Lakini chini ya ukurasa, hapo alipotakiwa mwenyewe kutia mkono, palikuwa na maandishi mazito ya mtu aliyezoea jembe kuliko kalamu, nayo yalisema Václav, na juu ya herufi a ya kwanza alikuwa ameweka ule mkwaju mdogo wa Kicheki, ameukandamiza hata ukachoma karatasi. Bibi, tulipompelekea nakala, alipitisha kidole juu ya mkwaju huo mara mbili tatu, asiseme kitu.

Sikujua kabla ya hapo kwamba jalada la serikali huweza kusomwa kama hadithi. La kwanza ni ombi la 1873. La pili ni kiapo cha kumkana Kaisari wa Austria, kwani Bohemia ilikuwa chini yake. Na hapa mkazamwanangu alinikumbusha kwa nini watu wa kwao walihama, kwamba ile kazi ya shokoa ambayo mkulima alidaiwa na bwana wake, na jina lake kwa Kicheki ni robota (neno ambalo dunia nzima imekuja kulichukua kuziita mashine), ilifutwa mwaka 1848, lakini waliofutiwa hawakupata ardhi ya kuwatosha, na vishamba viligawanywa baina ya wana na wana wa wana mpaka vikawa kama leso. Tena tangu 1868 kila kijana aliweza kuitwa jeshini. Kampuni za reli za Marekani, zilizokuwa na mamilioni ya eka za kuuza, zilichapisha matangazo kwa Kijerumani na Kicheki, wala matangazo hayo hayakutaja baridi.

Kisha huja karatasi ya gazeti iliyokatwa na kubandikwa, kwa sababu kuanzia 1879 mlowezi aliyetaka kuthibitisha shamba lake ilimpasa atangaze gazetini siku yake na majina manne ya mashahidi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wawili kati ya wanne wakaja. Mmoja alikuwa jirani Mjerumani. Wa pili alitoka Moravia, na kwa kuwa hakujua kuandika alitia alama ya msalaba. Fomu yenyewe ina maswali yaliyopigwa chapa, na majibu yameandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Ana mke? Ndiyo. Watoto? Wanne. Nyumba yake ni ya namna gani? Ya udongo wa nyasi, futi 14 kwa 20. Milango mingapi? Mmoja. Madirisha? Mawili. Ana nini kingine? Kisima, zizi, ghala ya mahindi, miti ya matunda 30 ambayo 11 imekufa. Amelima kiasi gani? Eka 45. Amepata kuliacha shamba? Ndiyo, majira ya baridi ya 1874, kwenda kufanya kazi ya reli, kwa sababu ya nzige.

Juu ya nzige hao Bibi alikuwa na habari kutoka kwa babu yake, mwana wa kwanza wa Václav, aliyeletwa Marekani akiwa na miaka miwili na ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitatu siku hiyo ya kiangazi walipoliziba jua. Walikula mahindi, wakala majani ya miti, wakala vitunguu ndani ya ardhi hata yakabaki mashimo matupu, wakatafuna na mipini ya majembe kwa sababu ya chumvi ya jasho la mikono. Kongresi iliwapa walowezi ruhusa ya kuondoka kwa muda wasipoteze haki zao, ndiyo sababu shahidi alilitaja jambo hilo bila ya hofu. Nasi tunawajua nzige. Lakini hawa wa Milima ya Rocky wamekwisha kabisa ulimwenguni, wa mwisho alionekana hai mwaka 1902, na waliowamaliza, kwa dhana ya wataalamu, ni wakulima wenyewe, kwa kuyalima mabonde walimotaga mayai.

Na ile nyumba ya udongo wa nyasi, nimeiona mfano wake, na mtu wa kwetu asingeiona ngeni kwa mbali, ila akikaribia ataona kwamba haina fito wala boriti za mikoko, maana hapakuwa na miti: ardhi ya nyika, iliyosokotana mizizi kwa maelfu ya miaka, ilichanwa kwa plau ikatoka kama utepe, utepe ukakatwa vipande, vipande vikapangwa kama matofali, nyasi zikitazama chini. Ndani mna joto wakati wa theluji na baridi ya kupendeza wakati wa jua. Ikinyesha leo, paa hudondosha matope mpaka keshokutwa. Mke wa Václav, alisema Bibi, alitundika shuka chini ya paa kuuzuia mchanga usiingie katika chakula, na jioni moja shuka ikawa nzito, ikajongea. Akaitazama, akachukua jembe, akampiga nyoka palepale ndani ya shuka, kisha akaifua.

Hiyo ndiyo habari peke yake iliyobaki ya mwanamke huyo. Katika jalada zima, kurasa 23, hana jina, yeye ni "mke."

Lipo jambo jingine nililoliona, na hapo nikalitoa neno nililotia mfukoni. Bibi anayo hati ndefu ya mapokezano ya shamba, iorodheshayo kila mkono uliopitia tangu mwanzo hata siku nduguze walipoliuza. Na mstari wa kwanza husema kwamba Marekani imempa James. Juu yake hapana kitu, kana kwamba Mungu aliiumba ardhi hiyo asubuhi na serikali ikairithi adhuhuri. Lakini jina la Nebraska lenyewe ni la lugha ya Waotoe, nalo maana yake ni maji tambarare, kwa ajili ya ule mto ambao Wafaransa waliuita Platte. Na Waotoe na Wamissouria waliwinda na kulima katika bonde la Big Blue, wakabanwa kwa mkataba wa 1854 katika hifadhi moja iliyokalia mpaka wa Nebraska na Kansas, kisha na hiyo ikauzwa, wakahamishwa mwaka 1881 kwenda nchi ambayo leo ni Oklahoma. Václav alithibitisha shamba lake mwaka 1880. Nilipomwonyesha mkazamwanangu tarehe hizo mbili alizitazama kitambo, akasema shuleni walifundishwa zote, lakini katika vitabu mbalimbali.

Makaburi ya Wacheki yako juu ya kilima kidogo, kimezungukwa na mahindi. Mengi hayana msalaba, kwa kuwa Wacheki wengi wa Nebraska walikuwa watu wa fikra huru walioachana na kanisa. Badala yake jiwe lina picha ya marehemu, ndogo, ya duara-yai, iliyochomwa juu ya kauri, hata ukitembea baina ya safu wakutazama, wanaume wa masharubu na wanawake wa vilemba vya nywele. Kwa nusu saa nilijifunza Kicheki cha kutosha makaburini: *narozen*, amezaliwa, *zemřel*, amefariki, na mwanamke huongezewa a mwishoni, *narozena*, *zemřela*. Jiwe la Václav lilikuwa refu, wala si James tena, amerudi kuwa Václav. La mkewe, dogo, la mawe ya chokaa, kuvu limekula herufi za kando. Mkazamwanangu alilimwagia maji ya chupa, akalipangusa kwa kiganja, na jua lilipoingia upande tukasoma Anna. Anna, tarehe mbili, na maneno ya kwamba alizaliwa Bohemia. Binti nani, jiwe halikusema.

Wakati huo, nakiri, nilifarijika. Nilijiona niko nyumbani. Maana na sisi, katika yale majina yetu tisa, yupo mwanamke wa namna hiyo: mama mzaa baba yangu, aliyeletwa Pangani kutoka bara akiwa mtoto wa kushikwa mkono, siku ambazo misafara ilishuka na pembe na watu, wengine wakavushwa Unguja na wengine wakabakizwa kwenye mashamba ya miwa ya bonde la mto, naye hakuwa na jina la baba, ila lile moja alilopewa na aliyemnunua, neno la dukani, kama walivyoitwa wengi wa wakati wake, akina Faida na Tumaini. Sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ilikuja 1922, yeye amekwisha olewa na amezaa. Tukisoma nasaba hatumtaji. Babu humrithi babu, naye hukaa pembeni kama mtu aliyekuja kuazima moto.

Lakini Anna hakukaa pembeni siku nyingi. Usiku ule ule mkazamwanangu alifungua kompyuta jikoni, akaingia katika nyaraka za Třeboň, mji wa Bohemia ya kusini ambao hifadhi yake imeweka vitabu vya parokia katika intaneti, akatafuta ubatizo wa yule mwana wa kwanza, aliyezaliwa kwao mwaka 1871. Kaisari Josef wa Pili, mwaka 1784, aliwaamuru mapadre waandike ubatizo, ndoa na maziko kwa utaratibu mmoja, safu kwa safu, na nyumba za kila kijiji zilikuwa zimepewa namba tangu miaka ya 1770. Basi padri hakuandika jina la mtoto na baba yake tu, bali na baba na mama wa baba, na mama, na baba na mama wa mama, na namba ya nyumba ya kila mmoja, na wasimamizi, hata na mkunga. Saa sita na robo za usiku mkazamwanangu alipiga ukelele ulioamsha watoto. Anna, binti Matěj, mwenye kibanda na kishamba, nyumba namba 17, na mkewe Kateřina, binti Josef, kutoka nyumba namba 4 ya kijiji cha pili. Kwa mstari mmoja wa wino mwanamke aliyekuwa "mke" alipata baba, mama na babu mzaa mama, na mlango wa kutokea.

Niliwafurahia kwa dhati. Kisha nikaenda kulala, wala sikulala.

Siku ya pili yake tukarudi kwa Bibi, na yeye, kwa mkono usiotetemeka, akamwandika Matěj kwa wino. Halafu akaigeuza karatasi upande wangu, akachukua penseli, akasema, "Sasa wewe." Nikampa yale majina tisa, akayaandika yote, akaniuliza mashahidi, nikamwambia ni dada yangu na ukoo mzima, akasema ukoo mzima ni shahidi mmoja. Akarudi chini, kwenye visanduku vya wake. "Huyu alikuwa na mke?" Nikamtaja. Akaandika lile jina moja. "Baba yake?" Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha ualimu, kwa maneno machache, mambo ambayo sikuwa nimewahi kumweleza hata mwanangu. Mkazamwanangu aliacha kuosha vikombe. Bibi alinitazama, akakitazama kile kisanduku, wala hakukipiga mstari, akauliza, "Alikaa nyumba gani?"

Nikajibu kama mtu aliye mbele ya karani. Nyumba ya udongo na fito, makuti juu, chini ya msikiti, upande wa mtoni. Milango? Miwili, wa barazani na wa uani. Madirisha? Moja. Kisima? Hapana, maji yalitekwa kwa jirani. Miti? Mwembe mmoja, na mkomamanga alioupanda mwenyewe na uliokufa. Bibi aliandika yote hayo, herufi ndogondogo, ndani ya kisanduku cha baba yake, kisha akasema sheria yataka wawili.

Ilikuwa saa saba mchana Nebraska, saa tatu za usiku Pangani. Nikapiga simu, nikaweka sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umepata?"

"Nimepata. Binti ya mwana wa Bibi huyu hapa, ambaye ni mjukuu wa mwana wa Anna binti Matěj, wa nyumba namba kumi na saba."

"Kwa upande wa bibi," alisema dada, na nikamsikia akigeuza tambuu mdomoni. "Haya. Si haba. Na wao wamekuuliza?"

"Wameniuliza. Wameuliza na habari ya bibi yetu."

Simu ilinyamaza hata nikadhani imekatika. Nikamsomea niliyoyasema, nyumba, makuti, milango miwili, dirisha moja, mwembe.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Madirisha yalikuwa mawili. Hilo la mtoni alilizika mwenyewe kwa udongo, kwa mkono wake, mwaka aliozaliwa baba, na hakutaka lifunguliwe mpaka anakufa. Waambie mawili."

Bibi akauliza amesema nini, nikamfasiria. Akatafuta kifutio chini ya sahani ya kolache, akafuta ile moja, akaandika mawili, kisha akanyoosha mkono juu ya meza kutafuta kalamu ya wino.